Mashine Ikimeza Jina la Mtu

Msiniandikie tena "Shosho, mashine imekataa." Imekataa nini? Ng'ombe ndiye hukataa. Mashine hukataa kitu fulani ukiwa umefanya kitu fulani, na kama hujui vitu hivyo viwili, nenda uoshe uso, unywe chai, kisha urudi uitazame upya.

Nimestaafu, mimi bibi mnayeniita Shosho. Asubuhi nakaa kwenye ngazi za nyumba yangu hapa Uthiru, ukungu bado umelalia sukuma wiki, magari ya Waiyaki Way yanasikika kama maji yanayopita mbali, na mimi niko nusu macho nusu usingizini. Halafu simu inatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Mmoja wenu, kutoka duka letu la chapa huko mjini, ameniandikia maneno mawili na alama za mshangao kama msumari umemchoma. Ndiyo maana nimeketi kuandika haya. Someni yote.

Mimi shule niliiacha mapema, kabla sijajua kugawanya. Niliingia duka la chapa kufagia, kwenye ile mitaa ya nyuma ya River Road, wakati herufi bado zilikuwa za risasi, zimelala kwenye trei za mbao, kila moja imegeuza uso kama mtoto aliyenuna. Nilizisoma kinyume kabla sijazisoma sawasawa. Mpaka leo nikisinzia mchana zinanijia. Zinapita dirishani polepole, nyeusi, zikinuka wino na mafuta ya taa, hazisemi neno lolote, na mimi nazisalimia moja moja kama watu niliokaa nao ploti moja.

Fundi aliyenishika mkono alikuwa Mzee Odhiambo, mtu mrefu aliyevaa tai ndani ya ovaroli. Siku moja nilimkimbilia.

"Mzee, mashine imeharibika!"

"Imeharibika ni neno la mtu anayetaka kwenda nyumbani," akasema. "Ulikuwa umeshika nini?"

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ile nzito ya kadi."

"Ukaiingiza vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ya nani? Rudia. Polepole. Nione."

Nikarudia mbele yake, na mashine ikafanya kazi vizuri kabisa, ikinidharau. Nilitaka sakafu inimeze. Mzee Odhiambo hakucheka. Alisema, "Basi kuna kitu ulifanya kule ambacho hapa hukufanya. Kitafute." Nikakitafuta mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ilikuwa kwamba mara ya kwanza nilikuwa nimekunja pembe ya karatasi kwa kidole bila kujua. Kidole changu kilikuwa na mazoea yake.

Kompyuta zilipokuja tuliambiwa mambo ya kidole yamekwisha. Uongo. Kidole kimehamia kwenye kipanya tu. Programu ya kupanga kurasa ina tabia zake kama mashine yoyote. Tofauti ni kwamba ile ya chuma ungeweza kuigusa mahali inapouma, na hii haina mwili. Kasoro yake inakuja kama ndoto: umeiona, umeshtuka, ukimwita mtu aje aone, haipo. Ndiyo sababu ni lazima ujue namna ya kuisimulia kwa mtu ambaye hakuwa kwenye ndoto yako.

Kamau, tuliyefanya naye kazi miaka mingi, hakuwahi kujua. Kamau alikuwa na mkono mzuri wa kupanga kadi za harusi, lakini akikasirika anaandika kama mtu anayefukuza mbuzi. Aliwahi kuwaandikia wenye programu, "Kazi yenu ni takataka, imeniharibia siku." Wakamjibu, "Asante kwa maoni yako." Akaniletea simu niione.

"Shosho, hawa watu wana dharau!"

"Ulitaka wakujibu nini?"

"Watengeneze!"

"Watengeneze siku yako?"

Akaninunia. Lakini fikirini. Yule aliye upande wa pili haoni skrini yako. Hajui ulibofya wapi. Hajui kama unatumia toleo la juzi au lile la zamani. Ukimwandikia hasira, atapokea hasira, ataiweka kando, ataenda kula.

Kamau alikuwa na ugonjwa mwingine, nanyi mnao. Alichanganya alichokiona na alichokifikiria. Herufi zikiruka, anaandika, "Kuna virusi." Uliona virusi? Walikuwa wamevaa nini? Sema herufi zimeruka, sema ni zipi, sema ziliruka ulipofanya nini. Hayo ya virusi mwachie aliyesomea.

Jambo jingine: punguza. Usimtumie mtu jarida zima la kanisa eti ndani yake kuna kasoro. Fanya kama unatafuta sindano iliyopotea kitandani. Unatoa blanketi, unakung'uta. Unatoa shuka, unakung'uta. Futa ukurasa, angalia kama kasoro bado ipo. Futa mwingine. Ondoa picha, ondoa rangi. Utabaki na ukurasa mdogo ulio mtupu kama godoro, na sindano juu yake inang'aa. Huo ndio wa kutuma. Napenda sana kazi hiyo ya kupunguza. Jua la mchana lilikuwa linaingia kwa dirisha letu la ghorofani likipita kwenye vumbi la karatasi, kelele za barabarani zikawa mbali, nami nafuta na kuangalia, nafuta na kuangalia, mpaka nasahau kuwa nina miguu.

Sasa niwaambie kwa nini ninakuwa mkali na mambo haya. Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini.

Wengi wenu mmepanga vijitabu vya mazishi. Mnajua ukurasa wa familia ulivyo: picha ya marehemu kando, na majina ya watoto yameshuka mmoja mmoja. Watu huhifadhi kijitabu hicho ndani ya Biblia, wajukuu wanakuja kukisoma. Jina la mtu likikosekana kwenye kijitabu cha babake, hakuna anayesema karatasi imekosea. Watu husema nyumba imesema huyo si wao.

Mteja aliitwa Kioko, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner. Babake, Mzee Mutiso, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Machakos wiki hiyohiyo. Kioko alikuja akakaa kando yangu akanitajia majina kwa mdomo, mimi nikiandika. Nilipanga ukurasa, nikaweka picha, akasema mzee aonekane zaidi, nikaikuza. Nakala ya kukaguliwa ikaenda kwenye kundi la familia kwenye simu. Asubuhi iliyofuata Kioko alipanda ngazi zetu akihema, simenti bado kwenye viatu.

"Shosho, mmenichoma mbele ya familia."

"Nimekuchoma na nini?"

"Jina la Mwende halipo! Si nilikutajia? Si ulinisikia?"

"Nilikusikia. Nililiandika."

"Sasa liko wapi? Watu wote wanasema ni mimi nimemtoa!"

Kabla sijajibu, mwanamke akaingia nyuma yake, mtu mzima wa makamo, kitambaa cheusi kichwani. Hakumsalimu Kioko. Alinisalimu mimi, kwa adabu, akabaki amesimama.

"Mimi ndiye Mwende," akasema. "Sikuja kupigana, Shosho. Baba alinizaa kabla ya kuoa, na mama yangu si mama yao. Nililelewa na nyanya yangu. Nikiwa mkubwa, baba mwenyewe alikuja akanichukua, akanisimamisha kanisani mbele ya watu, akasema huyu ni mtoto wangu. Sasa ameenda, na karatasi inasema si wake. Nataka kujua tu kama nikae mbele na watoto wa marehemu, au nikae kule nyuma ya hema na wageni. Au nisiende."

"Mwende, naapa mbele za Mungu," Kioko akaanza.

"Usiape. Ulianza kuapa jana kwa simu."

Nikafungua faili. Kweli, majina yaliisha kwa Syombua, kitinda mimba wao, na chini yake ukurasa mweupe. Nikapeleka kipanya pale, nikavuta ukingo wa sanduku la maneno. Jina la Mwende likatokea. Lilikuwa limejificha chini ya ukingo, kama mtu aliyesimama nje ya dirisha.

"Ona! Ona hilo!" Kioko akapiga makofi.

Mwende akainama kwenye skrini. "Hilo mnaweza kuwa mmeliandika saa hii, nilipokuwa kwa ngazi."

Na hapo, vijana, jiwekeni mahali pake. Angekuwa nani yeye hata aniamini? Mimi nililipwa na Kioko. Ningemwambia "ni mashine," naye angesikia kile watu wote husikia wakiambiwa ni mashine. Kulikuwa na njia moja tu. Kasoro ifanyike tena mbele yake, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Kalia kiti changu, mama," nikamwambia. "Shika hicho kipanya."

Nikamfungulia ukurasa mpya. Nikamwambia aandike majina ya vyakula, kila kimoja mstari wake, ajaze sanduku mpaka chini. Akaandika ugali, sukuma, maharagwe, akaendelea hivyo, mstari wa mwisho ukawa ndengu. Nikamwambia aweke picha kando, yoyote, akaweka ya ua. Akaikuza. Maneno yakasukumwa chini, ndengu ikakosa nafasi, na palepale alama nyekundu ikatokea kwenye ukingo. Alama hiyo mnaijua. Ndiyo programu inavyopiga kelele kwamba kuna maneno yamebaki nje.

"Kwa hivyo inasema," Mwende akasema, sauti imeshuka. "Neno likipotea, inasema. Kwa jina langu haikusema?"

"Haikusema. Ingesema ningeona."

Kioko akakaa juu ya rundo la karatasi, mikono kichwani. Kila kitu kilionyesha sasa kwamba mtu ndiye aliyemtoa.

Hapo mngeandika, "Mashine imekataa." Mimi nilimwandikia Akinyi. Akinyi ni binti mmoja wa kikundi kidogo kilichotengeneza programu ile, ofisi yao iko Kilimani, ghorofa yenye mijakaranda inayogusa madirisha. Nilifika huko mara moja tu. Nilimkuta hana viatu, vipokea sauti masikioni, anatazama skrini iliyojaa maandishi kama mtu anayetazama samaki. Maua ya zambarau yalikuwa yanaanguka nje bila haraka, na mle ndani hakuna aliyesema. Nilifikiri, kumbe hapa ndipo kurasa zangu zinapoota.

Nimehifadhi niliyomwandikia. Someni:

"Akinyi, habari ya kazi. Natumia toleo lenu la karibuni. Kwenye kijitabu cha mteja nilijaza sanduku la maneno, nikaweka picha kando, nikaikuza. Nilitarajia alama nyekundu itokee maneno yakikosa nafasi. Mstari wa mwisho ulipotea na alama haikutokea. Nimejaribu tena kwenye ukurasa mpya kwa hatua zizo hizo na alama imetokea vizuri. Sijui tofauti ni nini. Nakutumia kurasa zote mbili. Wenye msiba wako hapa."

Angalieni nilivyofanya. Nilisema nilichofanya, nilichotarajia, nilichokiona. Na nilisema kwamba jaribio langu limeshindwa. Hapo ndipo watu huficha, wakidhani wataonekana waongo. Usifiche. Mahali kasoro isipotokea pana habari sawasawa na mahali inapotokea. Sikumwambia habari za uchungu wa Mwende, maana uchungu hauonekani kwenye skrini. Wala sikumwandikia "haraka sana" kwa herufi kubwa. Nilisema wenye msiba wako hapa, akaelewa.

Tukangoja. Nikawapa chai ya thamosi. Mwende aliishika bila kunywa, mvuke ukimpanda usoni, macho yake yako nje ya dirisha juu ya mabati. Hata mimi nilihisi tumetoka kwenye saa, tuko mahali fulani ambapo mtu huyu ni mtoto wa babake na pia si mtoto wake, mpaka simu ilie.

Ikalia.

"Shosho, niaje," Akinyi akasema, nikaweka sauti wote wasikie. "Nimefungua zote mbili. Ile ya mzee, picha umeiweka kwa fremu gani? Mraba ama duara?"

"Duara. Kama yai. Wafiwa wengi huipenda hiyo."

"Na ile ya maua?"

"Mraba."

"Haya. Ibadilishe iwe duara, ukuze tena. Usiguse kitu kingine."

Nikamtazama Mwende. Yeye ndiye aliyekuwa na kipanya. Akachagua duara. Akakuza ua, polepole, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayechora. Maneno yakasukumwa chini. Ndengu ikateleza, ikafika ukingoni, ikapotea. Tukangoja alama nyekundu. Haikuja. Ukurasa ulibaki umetulia, mzuri, kana kwamba hakukuwahi kuwa na ndengu duniani.

"Imeenda?" Akinyi akauliza.

"Imeenda kimya," nikasema.

"Basi kosa ni letu. Kwenye duara programu inahesabu nafasi vibaya, inadhani maneno yote yametosha. Tutarekebisha. Kwa sasa tumieni mraba. Na mwambieni huyo mwenye msiba pole sana."

Walirekebisha, na mkisoma maelezo ya toleo lililofuata mtaikuta imeandikwa, mstari mmoja mkavu. Hiyo ndiyo kazi. Akinyi hakuweza kuiona kasoro bila kurasa zangu mbili, nami nisingewahi kufikiria umbo la fremu hata nikikaa pale mpaka Krismasi. Ripoti ni kushikana mikono na mtu aliye gizani.

Mwende alirudia. Alipunguza picha, ndengu ikarudi. Akaikuza, ikapotea. Akafuta ndengu, akaandika jina la Kioko, akaikuza picha, Kioko akapotea.

"Na mimi pia!" Kioko akasema, akacheka kwa kuishiwa nguvu. "Umeona? Haichagui mtu!"

"Nimeona," Mwende akasema. "Si wewe uliyenitoa. Nimeona kwa mkono wangu, na nisamehe kwa yale ya jana."

Kioko akashusha pumzi kama gunia linalotuliwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya vikombe.

"Sasa nijibu moja," Mwende akaendelea, bado anaangalia skrini. "Mashine inameza mstari wa mwisho. Kwa nini mstari wa mwisho ulikuwa wangu?"

"Tulianza na watoto wa nyumbani, halafu..." Kioko akaanza. Alilisikia neno lake mwenyewe likitoka.

"Nilizaliwa kabla yako, Kioko. Kabla yenu wote."

Chini barabarani kuna aliyekuwa anauza mitumba kwa kipaza sauti, anaimba bei. Nilisimama na vikombe vyangu. Kuna maswali ya programu na kuna maswali ya watu, na lile sikuwa na ukurasa wa kulijaribia.

Mnajua kifungua mimba anavyofanya kaburini. Ndiye anayetangulia kutupa udongo, ndiye anayesema kwa niaba ya watoto. Kioko alikuwa ameishi maisha yake yote akiitwa hivyo. Hotuba yake alikuwa ameshanipa niichape, na inaanza, "Mimi kama mtoto wa kwanza."

"Ukipanda juu," akauliza, bila ukali, kama mtu anayeamshwa, "mimi ni nani?"

"Wa pili," Mwende akasema. "Si ugonjwa."

Kioko akajifuta uso kwa kiganja, simenti ikabaki kwenye paji. "Shosho, mpandishe."

"Wapi?"

"Juu."

"Juu ya nani?" Nilitaka aseme.

"Juu yangu."

"Basi andika mwenyewe."

Mwende akampisha kiti. Nikafungua ukurasa wa Mzee Mutiso, picha yake bado imo ndani ya duara, anatabasamu kidogo kama aliyeona jambo mbali. Kioko akaweka mshale mbele ya jina lake, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, Mwende. Kisha akabonyeza, na jina lake mwenyewe likashuka mstari mmoja, na wote waliokuwa chini yake wakashuka pamoja naye, mmoja mmoja, kama watu wanaosogea kwenye benchi kumpisha mtu. Na kule mwisho kabisa Syombua akafika ukingoni, akapotea bila kelele.

Tulimwona sote.

"Jamani, mtoto ameanguka!" Mwende akasema, mkono umeshafika kwenye bega la Kioko. "Mrudishe mdogo wetu. Weka Baba kwenye mraba."

Kioko akabadilisha fremu, tukapunguza picha kidogo, Syombua akarudi chini ya wenzake, na mimi nikaenda kuwasha printa.